Simu, Bangi na Kijana Aliyefikishwa Mahakamani



Darsa yetu ya leo si juu ya hukumu ya bangi. Hukumu hiyo wanavyuoni waliikata zamani, na wazazi wa miji yetu waijua. Somo letu ni jingine. Kijana amekwisha kuvuta, ameshikwa, amesimamishwa mbele ya hakimu, kisha amerudishwa nyumbani kwa masharti. Je, ni nani atakayekuwa naye saa ile hamu itakapomrudia? Hakimu hayupo. Mwalimu hayupo. Baba yuko kazini, na mama amelala. Kilicho naye usiku na mchana ni kitu kimoja tu, nacho ni simu yake.

Katika nchi ya Marekani watu wa elimu wamejiuliza kama simu hiyo yaweza kufanywa msaada wa kumpunguzia kijana bangi. Twataka kueleza njia waliyoishika, na sababu yake, na sharti moja ambalo likikosekana kazi yote huharibika.

Tuanze na mahakama. Mahakama ya kwanza ya watoto katika Marekani ilifunguliwa Chicago mwaka 1899, na nia yake ilikuwa kumtengeneza mtoto kuliko kumwadhibu. Hata leo vijana wengi wa huko hawafungwi, bali huachwa majumbani chini ya uangalizi wa afisa. Huamriwa wende shule, wawe nyumbani kabla ya saa fulani, wasivute, na mara nyingi hutakiwa watoe mkojo upimwe.

Kipimo hicho kina upungufu ambao wengi hawaufahamu. Kilevi cha bangi, kiitwacho THC, hujificha katika mafuta ya mwili na hutoka polepole. Mtu aliyekuwa akivuta kila siku aweza kuacha kabisa, na mkojo wake ukaendelea kuonyesha bangi kwa wiki kadhaa. Basi huenda kijana ameanza kuongoka, na kipimo bado chamshuhudia kuwa ni mvutaji. Kipimo hutazama nyuma, lakini kijana anahitaji msaada saa hii iliyopo, kabla hajanyosha mkono wake kupokea.

Sasa tutazame kazi ya simu. Mfano mmoja ulio wazi ulifanywa katika hospitali ya watoto ya mji wa Boston, na habari zake zikatangazwa mwaka 2014. Walichukuliwa watu 27, wenye umri wa miaka 15 hadi 24, waliokuwa wakivuta bangi mara kwa mara. Hawa hawakuletwa na mahakama, bali walikuwa wagonjwa wa kawaida wa kliniki. Twautaja mfano huu kwa kuwa waonyesha vizuri mpango wenyewe, nao una hatua tatu.

Ya kwanza ni mtu, si simu. Kijana hukaa na mshauri mara mbili, wakazungumza kwa namna ambayo asili yake ni maandiko ya William R. Miller, aliyeieleza mwaka 1983 kwa ajili ya walevi wa pombe. Msingi wake ni kwamba mtu akibishiwa sana huzidi kuishika njia yake. Kwa hiyo mshauri hahubiri. Humuuliza kijana bangi yampa nini na yamnyang'anya nini, kisha humwacha aseme kwa ulimi wake mwenyewe. Tena humtaka ataje mambo yanayomwamshia hamu, kama rafiki fulani, mahali fulani, hasira, au upweke wa usiku.

Ya pili ni maswali. Kwa muda wa wiki mbili simu humlilia kijana mara kadhaa kwa siku, kwa saa asizozitazamia, na kumuuliza: Uko wapi? U pamoja na nani? Hamu yako ni kiasi gani? Umevuta? Sababu ya kuuliza papo hapo ni kuwa kumbukumbu hudanganya. Mtu akiulizwa Ijumaa juu ya Jumatatu hujibu kwa kubahatisha, au kwa kutaka kumpendeza anayemuuliza.

Ya tatu ni jibu. Kijana akieleza kuwa yuko katika hali ile aliyoitaja kuwa ni hatari kwake, simu humletea ujumbe mfupi wa kumkumbusha nia yake na kumtaka afikirie njia nyingine. Si vitisho wala matusi. Ni kama mkono wa rafiki uliowekwa begani kwa wakati wake.

Mtu aweza kuuliza, je, ilifaa? Twajibu kwamba ilionekana kuwa hamu mbele ya mambo hayo ilipungua, na uvutaji nao ulipungua. Lakini uadilifu watutaka tuseme na la pili. Watu 27 ni wachache, wala halikuwapo kundi jingine la kulinganisha nalo. Tena vijana huchoka na maswali, simu hupotea au huvunjika, na aliyekubali kuulizwa huenda alikuwa na nia ya kupunguza tangu hapo. Kwa hiyo asije mtu akasema simu yatibu bangi. Lililo sawa ni kusema kuwa simu yaweza kumfikia kijana saa ambayo mwanadamu hawezi kumfikia, ikiwa nyuma yake yuko mwanadamu.

Sasa twafika kwenye lile sharti. Njia hii huletwa pia kwa vijana wa mahakama, na hapo lazuka jambo zito. Simu yamuuliza: Umevuta leo? Akisema kweli, na kweli hiyo ikamfikia afisa, basi ameandika hati ya kujifunga kwa mkono wake. Akisema uongo, msaada wote ni bure, kwani dawa haitengenezwi kwa habari za uongo. Wahenga walisema: Mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi twaongeza kuwa mtu huficha maradhi pale daktari anapokuwa ndiye askari.

Ndiyo maana katika Marekani iko hati ya kulinda siri za watafiti. Tangu sheria iliyopitishwa mwaka 2016, utafiti wa aina hii unaogharamiwa na taasisi za afya za serikali kuu hupewa hati hiyo bila kuiomba. Nayo humwezesha mtafiti kukataa kutoa majibu ya mtu kwa jina lake, hata yakitakiwa na mahakama. Lakini katika nchi hiyo hiyo wako vijana wanaofungwa vyombo mguuni ili ijulikane walipo. Chombo ni kile kile cha umeme, ila kimoja ni rafiki na kimoja ni mlinzi. Wawili hao wakichanganywa katika simu moja, kijana atamwona rafiki kuwa ni jasusi, na hatamwamini tena.

Ndugu msomaji, huenda ukasema, haya ni ya Marekani, yatuhusu nini? Yatuhusu, kwani bangi haikukaa kwao peke yao. Uchunguzi wa NACADA wa mwaka 2022 ulikadiria kuwa watu zaidi ya 500,000 katika Kenya, wenye umri wa miaka 15 hadi 65, walikuwa wakiitumia. Na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imefungua mlango wa kumwondoa mtoto katika njia ya mashtaka na kumpeleka kwenye ushauri na malezi, akikubali kosa lake. Huu ni mlango mwema, lakini mlango peke yake si nyumba. Mtoto akitolewa mahakamani akarudishwa kwenye baraza ile ile, kwa marafiki wale wale, pasi na mtu wa kumfuata, atarudi kule kule alikotoka.

Hatuna haja ya kungoja programu kutoka ng'ambo ndipo tuanze. Mafunzo matatu twaweza kuyachukua leo.

Kwanza, awepo mtu mmoja wa kuaminiwa, ambaye si mwenye kuadhibu. Huenda akawa mjomba, au ami, au mwalimu wa madrasa, au jirani mwenye busara. Ajumbe wake mfupi wa jioni, "Mwanangu, u hali gani, uko na nani?", hauhitaji simu ya thamani. Naye akijibiwa kweli asiitangaze msikitini wala barazani. Ila akiona hatari ya uhai, hapo hana budi kutafuta msaada, na hilo amwambie kijana tangu siku ya kwanza.

Pili, wazazi waijue wiki ya kwanza. Aliyezoea bangi akiiacha, baada ya siku moja au mbili hushikwa na hasira, usingizi humpotea, na chakula hakimpendezi. Hali hiyo huwa kali katika wiki ya kwanza, na kwa wengi hupungua baada ya wiki mbili hivi. Mama asiyejua husema, "Mtoto huyu amezidi kuharibika," akamfukuza, na kumbe ile ndiyo dalili ya kuacha. Siku hizo ndizo za kusubiri na kunyamaza.

Tatu, tusimpokonye kijana simu yake tukaipekua usiku kwa siri. Atakayepekuliwa atajifunza kufuta, wala hatajifunza kuacha. Na ambaye jambo limemshinda, NACADA ina nambari ya simu ya msaada, 1192, isiyolipishwa.

Udongo uwahi ungali maji. Kijana wa miaka 16 aliyerudi kutoka mahakamani bado ni udongo uwezao kufinyangwa. Serikali imfanyie yake, na wenye elimu wamtengenezee simu yenye maswali mema. Lakini siku atakaposema, "Nimevuta leo, na nasikitika," lazima awepo wa kumsikia ambaye hatakimbilia kumshitaki. Akimkosa huyo, hatasema tena.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atulindie watoto wetu, na atujaalie kuwa katika watu wanaoambiwa kweli.