Kunoa Kisu cha Kuchinjia

Ndugu zetu, katika hadithi ya Shaddad bin Aws, iliyopokewa na Imamu Muslim, Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa ihsani imeamrishwa katika kila jambo, hata katika kuchinja, na kwamba mchinjaji anoe kisu chake ampumzishe mnyama. Wako wadhanio kuwa Bismillahi yaondoa haja ya kinoo. La! Jina la Mwenyezi Mungu hutajwa kwa kuhalalisha nyama. Kisu butu hubaki butu.

Tena makali hupambanua halali na haramu. Adi bin Hatim alipouliza juu ya gongo la kuwindia, alijibiwa kuwa mnyama aliyepigwa kwa ncha yake huliwa, ama aliyepigwa kwa ubavu wake amekufa kwa kipigo, naye haliwi. Basi mwindaji mwenye chembe butu cha mshale akihatarisha chakula chake. Kwetu Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, lakini kisu kimo katika kila nyumba.

Wengi hukimbilia cherehe ya umeme. Hiyo hukipasha chuma moto, na ukingo ukigeuka rangi ya buluu, jueni kuwa feleji imelegea pale, makali hayatadumu. Bora kinoo cha mkono kilicholoweshwa maji. Kisu kiinamishwe kama nyuzi 20. Ukikunja pembe ya karatasi nusu kwa nusu mara mbili, utapata nyuzi 22 na nusu, nazo zatosha kuwa kipimo. Ukikilaza zaidi ya hapo makali huwa membamba mno, yakakata vizuri kwa muda mchache kisha yakajipinda.

Noa upande mmoja, bila kubadili mwinamo, mpaka uguse upande wa pili na kuhisi uzi mwembamba wa chuma uliojikunja. Usipouhisi, hujafika kwenye makali. Geuza ufanye vivyo hivyo, kisha upokezanishe pande kwa mkono mwepesi mpaka uzi uondoke, na umalizie juu ya ngozi, mgongo wa kisu ukitangulia. Hapa ndipo wengi wakosapo subira: huuacha uzi ule, nao huvunjika katika mkato wa kwanza, kisha lawama humwendea mhunzi.

Kazi hii ifanywe siku ya kabla, wala si mbele ya mnyama, katika hadithi ya Ibn Abbas, Mtume (s.a.w.) alimkemea aliyenoa huku mnyama akimtazama. Kisha kisu kikaushwe, kipakwe mafuta kidogo, kifungwe kitambaani, wala kisikatiwe mifupa jikoni usiku wa kuamkia Idi.