LUGHA NA UENDESHAJI WA KITUO CHA SANAA ZA MAONYESHO CHA JAMII: MFANO WA KAMĨRĨĨTHŨ, 1976–1982

1.0 Utangulizi

Kituo cha Elimu na Utamaduni cha Jamii cha Kamĩrĩĩthũ, kilichokuwa Limuru nchini Kenya, kimeandikwa sana katika historia ya tamthilia ya Afrika Mashariki, lakini kimeandikwa zaidi kwa upande mmoja. Wahakiki wengi hukitaja kama mahali ambapo Ngũgĩ wa Thiong'o aliiacha tamthilia ya Kiingereza na kuanza kuandika kwa Kigĩkũyũ. Kwa mtazamo huo, kituo huwa mandhari tu ya uamuzi wa mwandishi mmoja. Makala haya yanashikilia kwamba suala la lugha hapo Kamĩrĩĩthũ lilikuwa suala la uendeshaji kabla ya kuwa suala la uandishi. Lugha ndiyo iliyoamua ni nani angeweza kusema katika kamati, ni nani angeweza kusahihisha muswada, na ni nani angeweza kuiendeleza kazi pale mwenziwe asipokuwapo.

Sehemu kubwa ya ushahidi unaojulikana imo katika vitabu viwili vya Ngũgĩ mwenyewe, Detained (1981) na Decolonising the Mind (1986). Kwa kuwa mwandishi huyo, aliyefariki Mei 2025, alikuwa mshiriki na pia mlalamikaji, maelezo yake hayana budi kusomwa kwa tahadhari, hasa pale anapozisemea hisia za wanakijiji. Kuhusu jinsi kazi ilivyogawanywa, hata hivyo, maelezo hayo ni mahususi mno kupuuzwa.

2.0 Jumba la taifa na uwanja wa kijiji

Mwezi wa Oktoba 1976, tamthilia mbili zilizoteuliwa kuiwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC huko Lagos, yaani The Trial of Dedan Kimathi na Betrayal in the City, zilihitaji kuonyeshwa kwanza katika Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza mjini Nairobi. Jumba hilo lilikuwa limefunguliwa mwaka 1952 chini ya utawala wa kikoloni, na hata baada ya uhuru ratiba yake ilitawaliwa na vikundi vya wageni. Tamthilia hizo mbili zilipewa siku chache tu, zikabanwa kati ya baleti kutoka Ufaransa na mchezo wa nyimbo wa kikundi cha Wazungu wa mjini. Jumba lilikuwa na paa, taa na viti, na lilibeba jina la taifa. Aliyeshika kalamu ya ratiba ndiye aliyeamua taifa lionyeshwe nini.

Kamĩrĩĩthũ hapakuwa na chochote cha kupangiwa ratiba. Kijiji chenyewe kilizaliwa katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipowakusanya watu kwa nguvu. Penye ardhi iliyotengwa kwa ajili ya kituo cha vijana palikuwa na banda bovu la udongo lenye vyumba vinne. Kwingine kote ni nyasi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1976 mwanamke mmoja wa kijiji alikwenda nyumbani kwa Ngũgĩ Jumapili baada ya Jumapili, akitaka kujua kwa nini wasomi hawakirudishii kijiji sehemu ya elimu yao. Jambo hili lina uzito katika mjadala wa sanaa za maonyesho kwa maendeleo, ambao katika Afrika Mashariki umetajirishwa sana na kazi za Penina Mlama. Katika miradi mingi ya aina hii mtaalamu ndiye anayebisha hodi kijijini. Hapa aliyebisha hodi ni mwanakijiji.

3.0 Kamati, muswada na mazoezi

Kituo hakikuanza na tamthilia. Kilianza na kisomo cha watu wazima, kikiongozwa na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, aliyekuwa katika Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ya Chuo Kikuu cha Nairobi na aliyefuata mbinu za Paulo Freire. Mpangilio huo una maana kubwa kwa uendeshaji. Madarasa ya kisomo, ambayo wengi huyaita gumbaru, yaliendeshwa kwa Kigĩkũyũ kwa sababu iliyo wazi: mkulima wa chai hawezi kufundishwa kusoma kwa lugha asiyoisema. Kwa hiyo tamthilia ilipoagizwa, mnamo Desemba 1976, lugha ya kituo ilikwisha kuwapo. Waandishi ndio waliolazimika kuifuata, na Ngũgĩ mwenyewe anakiri kwamba kwake huko kulikuwa kujifunza upya.

Rasimu ya Ngaahika Ndeenda, iliyoandikwa na Ngũgĩ hao wawili, ilikuwa tayari Aprili 1977. Badala ya kukabidhiwa mwelekezi, ilisomwa hadharani na kujadiliwa kwa muda wa miezi miwili hivi. Hapa ndipo mwanaisimu anapopata mengi ya kuchunguza. Wazee walikataa mazungumzo fulani wakidai kwamba mzee hasemi hivyo: mhusika wa makamo alikuwa amewekewa kinywani maneno ya kijana. Kwa istilahi za isimujamii, wazee hao walikuwa wakisahihisha rejesta. Sherehe ya gĩtiiro, ambayo ni majibizano ya nyimbo katika arusi, ilikuwa imeandikwa kimakosa, na wanawake wa kijiji, baadhi yao wasiojua kusoma, waliinyoosha. Wafanyakazi wa kiwanda cha viatu kilichokuwa karibu nao walitoa maelezo ya hatua za kazi kiwandani, wakalinganisha thamani ya viatu walivyotengeneza kwa siku na ujira waliolipwa.

Ni rahisi kuyaona haya kama ushauri tu aliopewa mwandishi. Kiutawala yalikuwa zaidi ya hayo. Mtu anayeweza kusema "sivyo" mbele ya hadhara, na neno lake likabadilisha muswada, amekwisha kupewa mamlaka ambayo katika jumba la kawaida hushikwa na mwandishi, mwelekezi na meneja. Kama muswada ungekuwa kwa Kiingereza, mamlaka hayo yangebaki kwa wachache hata kama katiba ya kituo ingesema vinginevyo.

Mazoezi, yaliyoanza Juni chini ya uelekezi wa Kĩmani Gecaũ wa Chuo Kikuu cha Nairobi, yalifanyika uwanjani, wazi kwa kila mpita njia. Kwa kawaida waelekezi hupendelea mazoezi ya faragha, na wana sababu zao: mwigizaji anayejifunza huona haya. Kamĩrĩĩthũ uwazi ulileta faida ambayo pengine haikukusudiwa. Kufikia siku ya ufunguzi, watu wengi walikuwa wameyajua mazungumzo kwa moyo, na pengo la mwigizaji mmoja lisingekuwa gumu kuzibika. Wakati huohuo wanakijiji walijijengea ukumbi: jukwaa la nusu duara lililoinuliwa, ukuta wa mianzi nyuma yake, nyumba ndogo ya vyumba vitatu ya kuvalia na kuwekea vifaa, na viti virefu vya mbao vilivyopandana kama ngazi. Haukuwa na paa. Uliweza kuchukua watu wapatao 2,000, na waliutengeneza kwanza kwa mfano mdogo wa njiti za kiberiti.

4.0 Mipaka ya lugha moja

Haifai kukisifu kituo bila kuitaja gharama ya uamuzi wake. Limuru, yenye mashamba ya chai na viwanda, huvuta vibarua kutoka sehemu mbalimbali za Kenya, na asiyejua Kigĩkũyũ alibaki mtazamaji. Kiswahili kingeweza kuupanua mlango huo. Lakini wazee na wanawake walioirekebisha gĩtiiro wasingekuwa na mamlaka yaleyale katika lugha ambayo wao si mafundi wake. Wahusika wenyewe hawakulipuuza tatizo hili: katika Maitũ Njugĩra, iliyofuata, zilitumika nyimbo za lugha kadhaa za Kenya. Kwa Kiswahili, Ngaahika Ndeenda ilipatikana baadaye kama kitabu, Nitaolewa Nikipenda (1982). Aidha, uandishi na uelekezi viliendelea kutegemea watu wa chuo kikuu, na haijulikani kama miaka mingine michache ingelibadilisha hilo.

5.0 Kibali

Onyesho la kwanza lilifanyika tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba likazuiwa. Namna lilivyozuiwa inastahili kuzingatiwa na kila anayeendesha kituo cha aina hii. Tamthilia yenyewe haikupigwa marufuku. Kilichofutwa ni kibali cha kukusanyika uwanjani. Sheria, kwa Kiingereza chake kilichorithiwa, haikuwa na neno kwa ajili ya tukio ambamo kijiji kizima ni mwandishi na mwigizaji. Ilikuwa na neno "mkusanyiko", na neno hilo lilitosha. Kituo kilichokuwa kimeutawala muswada, uwanja na mazoezi yake hakikuutawala waraka mmoja uliokuwa katika ofisi ya wilaya.

Tarehe 31 Desemba 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini hadi Desemba 1978. Kama kituo kingekuwa chake, kingekwisha hapo. Hakikwisha. Mwaka 1981 kikundi kilianza mazoezi ya Maitũ Njugĩra, kikitarajia kuionyesha katika lile jumba la taifa Februari 1982. Kibali hakikutolewa na waigizaji wakakuta milango imefungwa. Walihamia katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako maelfu ya watu walikuja kutazama mazoezi tu, hadi mazoezi nayo yakakatazwa. Tarehe 11 Machi 1982 kituo kilifutwa, na kesho yake polisi waliubomoa ukumbi.

Gecaũ na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walikimbilia Zimbabwe, ambako wa pili, hadi kifo chake mwaka 2008, alishughulika na vikundi vya sanaa za maonyesho vya jamii kwa utaratibu uleule wa majadiliano. Penye uwanja wa Kamĩrĩĩthũ palijengwa chuo cha ufundi. Mwezi wa Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ilionyeshwa katika Jumba la Taifa mjini Nairobi, kwa Kigĩkũyũ na kwa Kiingereza, na kikundi cha waigizaji wa mjini. Muswada uliotumika ulikuwa bado unabeba masahihisho ya wanawake wa 1977 kuhusu gĩtiiro, ijapokuwa majina yao hayamo katika jalada la kitabu.