SOMO LETU: HERUFI ZA KULALA NA KIBAO CHA KIKUNDI

Ukipita Barabara ya Uganda hapa Eldoret, hebu tazama maandishi ya matatu na maduka. Mengi ni herufi ndefu, nyembamba, zilizolalia kulia, zisizo na vikonyo miguuni. Je, zinafaa kibao cha kikundi chenu? Tujifunze pamoja.

1. Zilitoka wapi?
Kitabu cha kwanza cha herufi za kulala kilichapwa Venice, Italia, mwaka 1501, na Aldus Manutius. Fundi aliyezichonga ni Francesco Griffo. Herufi za chapa zisizo na vikonyo zilitokea London karibu mwaka 1816, kwa William Caslon wa Nne. Baadaye wenye matangazo walitaka maneno makubwa kwenye karatasi nyembamba, basi herufi zikabanwa.

2. Faida yake ni nini?
Kubanwa kunaokoa nafasi. Tuseme ubao wenu una upana wa sentimita 240, na mnataka kuandika KUKU WA KIENYEJI. Ukihesabu herufi pamoja na nafasi kati ya maneno, ni 16. Kila moja ikichukua sentimita 15, ubao umejaa hadi ukingoni. Ikichukua sentimita 10, mnatumia 160 tu, na kimo cha herufi hakipungui. Kulala nako kunaonyesha mwendo, ndiyo maana watu wa matatu wanazipenda.

3. Namna ya kuchora
Pigeni mistari miwili kwa uzi na chaki. Kateni katoni iwe kipimo cha mlalo: kila sentimita 10 kwenda juu, sogea 2 kulia. Herufi zote zifuate kipimo hicho hicho, la sivyo zitaonekana kama zimelewa. Matundu ya A, R na 8 yaachwe wazi, rangi isiyazibe.

4. Tahadhari
Gari la kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Dereva hana wakati wa kusoma barua! Kwa hiyo herufi hizi ni za maneno mawili matatu: jina la kikundi au bidhaa. Msiziandikie namba ya M-Pesa wala kipimo cha dawa ya mifugo. Zikibanwa sana, 3, 6 na 8 hufanana. Tarakimu moja ikikosewa, pesa za mayai zinaenda kwa mtu mwingine. Kipimo kikikosewa, ng'ombe anaumia. Hayo yaandikwe kwa herufi zilizosimama wima na kuachana vizuri.

Maswali ya kuzungumzia
(a) Mgeni akisimama hatua 30 kutoka kibao chetu, anasoma nini?
(b) Ni maneno gani tunaweza kuyaondoa?
(c) Nani atasoma namba zote kwa sauti kabla fundi hajalipwa?