Nyakati Tatu za Picha Moja

Bima ni mchango wa wengi kwa ajili ya wachache watakaopatwa na hasara. Kila mmoja hulipa ada, na atakayefikwa na ajali hudai fidia. Lakini kampuni haikuwepo ajali ilipotokea, hivyo dai hutegemea maswali matatu: kimeharibika nini, lini, na wapi. Zamani majibu yalitoka kwa polisi, daktari na mashahidi. Siku hizi mkaguzi wa madai anaweza kufungua Facebook pia, na hapo hata dai la kweli linaweza kutiliwa shaka.

Tuchukue mfano. Motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, wa Kamembe, wilayani Rusizi, Rwanda, ameanguka Jumatatu na kuvunjika mkono. Jumamosi, mkono ukiwa kwenye plasta, anaweka mtandaoni picha aliyopigwa Julai iliyopita, amembeba mpwa wake begani kando ya Ziwa Kivu. Juu ya picha mtandao unaandika: Jumamosi. Anayeitazama anaona mkono mzima.

Picha hiyo ina nyakati tatu. Wakati wa kwanza ni ule wa kupigwa. Simu huuandika ndani ya faili lenyewe, pamoja na mahali, ikiwa mwenye simu ameruhusu. Wa pili ni wa kutumwa kutoka simu hadi simu. Wa tatu ni wa kuwekwa hadharani, na huo ndio pekee anaouona mtazamaji. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana iwe nyepesi, na taarifa za ndani hupotea. Ikitumwa kama hati, faili hufika lilivyo.

Mahali pana ugumu wake, hasa Rusizi. Simu hujua ilipo kwa kupima muda ambao mawimbi ya redio yametumia kutoka kwenye setilaiti zisizopungua nne. Mawimbi husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Ukikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali unapotoka kwa mita 300. Ndani ya nyumba, setilaiti zisipopatikana vizuri, simu inaweza kukisia kwa kutumia minara iliyo karibu. Bukavu, mji wa Kongo, iko ng'ambo tu ya mto Rusizi, na mawimbi hayakomei mpakani. Basi motari akiandika "nimeanguka" akiwa Kamembe, ujumbe unaweza kubeba jina la Bukavu. Hilo si dogo: bima ya pikipiki ya Rwanda huhitaji Kadi ya Njano ya COMESA ili iwalinde watu wengine upande wa Kongo.

Shaka kama hiyo imewahi kutokea kweli: mwaka 2009, huko Quebec, Kanada, mfanyakazi aliyekuwa likizoni kwa ugonjwa wa sonona alisitishiwa malipo ya bima, akaeleza kwamba alitajiwa picha zake za Facebook akiwa ufukweni. Kampuni ya bima ilisema haikati dai halali kwa picha za mtandaoni peke yake. Ni sawa kuwasaka waongo, maana uongo wao hulipwa na wachangiaji wote. Lakini sonona ni ya miezi, na tabasamu hunaswa kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Nchini Rwanda, Sheria Na. 058/2021 humpa mtu haki ya kuziona taarifa zake zinazochakatwa na kudai zisahihishwe. Motari wetu asiifute picha, kwani kufuta huzidisha shaka. Saa ya simu huweza kubadilishwa, kwa hiyo faili pekee halitoshi. Alipeleke kama hati, likiambatana na cheti cha daktari. Ndani ya faili hilo Julai bado imeandikwa.