Msichana Aliyesahau Jina Lake

Mtoto wa darasa la kwanza akiulizwa, Jina lako nani?, hujibu mara moja. Lakini msichana mmoja wa Sudani aliulizwa hivyo, naye hakuweza kujibu. Hofu ilikuwa imelifuta jina lake kichwani, wala hakulikumbuka tena mpaka kufa kwake.

Alizaliwa karibu na mwaka 1869 katika kijiji cha Olgossa, nchi ya Darfur. Alipokuwa na umri wa miaka saba au minane, watu wawili wenye silaha walimkamata mbali kidogo na kijiji. Walipomwuliza jina, sauti haikutoka. Basi wakamwita Bakhita, maana yake Mwenye Bahati. Hata neno bahati la Kiswahili ni la shina lile lile. Ulikuwa mzaha mbaya. Wanamnyang'anya mtoto mama yake, kisha wanamwita mwenye bahati!

Siku zile biashara ya watumwa ilikuwa imeenea pande nyingi za Afrika. Katika Kongo pia, kule Maniema, misafara ya watumwa ilipita Nyangwe na Kasongo.

Bakhita aliuzwa mara nyingi, katika El Obeid na katika Khartoum. Sokoni mnunuzi alimtazama mtumwa kama mtu anavyomtazama mbuzi: meno, miguu, nguvu. Hakumwuliza neno. Bwana wake mmoja alikuwa jemadari wa jeshi la Waturuki. Mke wa jemadari huyo aliamuru watumwa wake wachanjwe mwilini. Walichora mistari kwa unga, wembe ukafuata mistari, kisha wakasugua chumvi ndani ya vidonda ili alama zisifutike. Bakhita alibaki na makovu zaidi ya 100. Ilikuwa kama chapa ya ng'ombe. Na mtu akitendewa hivyo tangu utoto, mwishowe aweza kusadiki kwamba kweli yeye ni kitu tu. Jeraha hilo halionekani, nalo huchelewa kupona kuliko jeraha la wembe.

Mwaka 1883 alinunuliwa na balozi wa Italia katika Khartoum. Kwa mara ya kwanza hakupigwa. Mwaka 1885 akafika Italia pamoja na balozi, naye akampa jamaa nyingine, na baadaye akawalelea mtoto wao. Ndiyo, balozi alikuwa mwema. Lakini hata yeye alimtoa Bakhita kama mtu anavyotoa zawadi.

Msimamizi wa mali ya jamaa ile, mzee mcha Mungu, alimpa Bakhita msalaba mdogo wa fedha. Tangu kukamatwa kwake Bakhita hakuwa na kitu kilicho chake. Akauficha msalaba, akawa anautazama kwa siri, bila kujua bado ni habari ya nani.

Mwaka 1888 mama wa nyumba alisafiri, akamweka Bakhita pamoja na mtoto kwa masista Wakanosa katika mji wa Venezia. Hapo alifundishwa katekisimo. Zamani, alipokuwa mdogo, alizoea kutazama jua na nyota, akijiuliza, Bwana wao ni nani? Sasa alimjua. Tena alifundishwa kwamba Bwana huyu, Yezu Kristu, naye aliuzwa, kwa vipande 30 vya fedha, naye alipigwa mijeledi. Hakununua watu sokoni. Aliwakomboa kwa damu yake mwenyewe. Alimjua Bakhita kabla ya wale watu wawili kumwona, na jina lake la kwanza hakulisahau.

Halafu mama wa nyumba akarudi, ataka kumchukua Bakhita waende Afrika, katika mji wa Suakin. Neno hili lilimsumbua sana Bakhita. Alimpenda mtoto, tena mama yule hakuwa mkali kwake. Mtu aliyefundishwa kutii kwa mjeledi atasemaje hapana? Alilia, lakini alikataa. Shauri likafika kwa wakubwa wa serikali. Tarehe 29 Novemba 1889 ilitamkwa kwamba sheria ya Italia haitambui utumwa, basi Bakhita ni huru. Tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa. Baadaye alionekana mara nyingi akibusu kisima cha Ubatizo, akisema ya kuwa hapo ndipo alipofanywa binti wa Mungu.

Mtu asidhani kwamba uchungu wote uliisha siku ile. Mwaka 1896 Bakhita aliweka nadhiri za kitawa, na tangu mwaka 1902 alikaa katika mji wa Schio, akipika, akishona, akingoja mlango. Mwanzoni watu walimkazia macho kwa sababu ya rangi yake. Wengine walimhurumia, wakimwita maskini. Inasimuliwa kwamba aliwajibu kuwa yeye si maskini, maana ni mali ya Bwana na anakaa nyumbani mwa Bwana. Katika ugonjwa wake wa mwisho, mwaka 1947, aliomba alegezewe minyororo, kwa kuwa ni mizito. Miaka zaidi ya 60 ilikuwa imepita, na mwili ulikuwa bado unakumbuka.

Mwaka 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mtakatifu.

Katika uzee wake alipenda kusema kwamba yu safarini na masanduku mawili. Moja lina dhambi zake. La pili ni zito zaidi, lina mastahili ya Yezu Kristu. Mungu akiisha kutazama la pili, yeye atamwambia Mtakatifu Petro afunge mlango, maana amekwisha fika, anabaki.

Maulizo. Kwa nini Bakhita aliuficha msalaba? Kwa nini ilikuwa vigumu kwake kumkatalia mama wa nyumba? Alikuwa na maana gani aliposema kwamba yeye si maskini?