Ramani ya 1856 na Somo la Isnadi



Ndugu zangu katika imani, Ramadhani iliyopita nilituma maneno kwenye kundi letu la WhatsApp nikisema ni Hadithi. Dada mmoja hapa Kamenge akaniuliza: "Kaka, nani kaipokea?" Sikuwa na jibu. Uzito wa swali lile niliuona niliposoma habari za ramani moja ya kale.

Mwaka 1856 jarida la Petermann, huko Gotha, Ujerumani, lilichapisha ramani ya Erhardt na Rebmann, wamisionari wa Rabai karibu na Mombasa. Ndani ya bara letu walichora ziwa moja kubwa mno, umbo lake kama konokono asiye na gamba. Wao hawakuwahi kuliona. Habari walizipata kwa watu wa misafara, wakiwemo Waislamu wa pwani, Waswahili na Waarabu.

Je, wasafiri hao walidanganya? Hapana. Kila mmoja alieleza maji ya njia yake: huyu Nyasa, yule Tanganyika, mwingine Nyanza, yaani Victoria. Wachoraji wakayaunganisha maziwa matatu yakawa moja. Burton na Speke walipofika Tanganyika Februari 1858, ziwa lile la ramani likaanza kuvunjika.

Likabaki swali la Rusizi, mto wetu huu: unaingia ziwani au unatoka? Aprili 1858, Uvira, wenyeji walimwambia Burton kwamba unaingia. Hata hivyo mjadala uliendelea Ulaya mpaka Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipofika mdomoni kwa mtumbwi wakayaona maji yakiingia. Wenyeji walisema kweli miaka 13 kabla.

Tunapata mafunzo mawili:

1. Surat Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamuru tuichunguze habari anapoileta fasiki. Lakini hata habari za wakweli huharibika zikichanganywa. Ndiyo maana wanazuoni wa Hadithi, katika mlango wa mudraj, humkosoa anayekusanya mapokezi ya isnadi mbalimbali akayafanya moja bila kubainisha tofauti zake.

2. Kumtaja mpokezi ni amana. Ramani ile hutajwa kwa majina ya wachoraji wawili, na waliotembea kwa miguu yao hadi maziwani wamesahaulika.

Baada ya siku ile niliyafuta maneno yangu nikaomba radhi kundini. Basi nasi, kabla ya kusambaza, tuulize: nani kaipokea, na kutoka kwa nani?

Allah atujaalie ukweli katika kauli zetu. Amin.