KUMTAFUTA BABU ALIYEHAMIA GEITA

Wengi wetu hapa Kalangalala si wenyeji wa asili. Nchi hii ilikuwa ya Wazinza. Kisha wakaja Wasukuma kutoka ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, na Waha, Wahaya, Wanyamwezi na Warundi. Wengine walifuata kazi katika mgodi wa zamani, uliochimba dhahabu tangu 1936 hata 1966. Wengine walifuata mashamba, hasa baada ya 1947, Serikali ya Kiingereza ilipowahimiza watu wa Usukuma iliyojaa wahamie upande huu. Basi yafaa kila mwanafunzi ajiulize: Babu yangu alifika lini, naye alitoka wapi?

Swali hili si la mchezo. Tulipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, mtu aliyezaliwa Tanganyika kwa kawaida alikuwa raia tangu siku ile ikiwa baba au mama yake naye alizaliwa Tanganyika. Tena mwaka 2013, katika Operesheni Kimbunga iliyofanyika Kagera, Kigoma na Geita, walikuwako watu waliokaa humu miaka mingi wasiwe na hata karatasi moja ya kuonyesha.

Kuna jambo moja linalowapoteza watafutaji. Wahindi 32,000 hivi waliojenga reli ya Uganda, 1896 hata 1901, waliletwa kwa meli na kwa mikataba. Mtu wa namna hiyo hutafutwa katika daftari za meli na bandari. Lakini babu zetu walikuja kwa miguu au kwa mtumbwi. Hata aliyetoka Rwanda au Urundi kabla ya vita vya 1914 hakuvuka mpaka wa dola, kwa sababu nchi hizo na yetu zilikuwa pamoja chini ya Wajerumani. Kwa hiyo usitafute cheti cha kuingia. Tafuta mahali alipoandikwa kwanza baada ya kufika.

Mahali hapo ni panne:

1. Kodi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na Waingereza wakaendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa. Stakabadhi ya kodi ya zamani iliyofichwa sandukuni yaonyesha kwamba mwenyewe alikuwako, mwaka gani na wapi.

2. Kazi. Kipande cha kazi na barua za mgodi huonyesha mwaka aliokuwa kazini.

3. Dini. Mapadre wa Afrika walianza misheni ya Bukumbi, karibu na Mwanza, mwaka 1883. Daftari ya ubatizo huandika wazazi wa mbatizwa. Zile za zamani ni za Kilatini. Mwombe paroko akusomee.

4. Serikali. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina majalada ya Wajerumani na Waingereza, pamoja na vitabu vya wilaya ambamo mabwana shauri waliandika habari za watemi na makabila.

Sasa jihadhari na mambo mawili. La kwanza ni majina. Wajerumani waliandika Muansa kwa Mwanza na Udjidji kwa Ujiji. Watu nao waliandikwa hivyo hivyo. L na R hubadilishana, na aliyebatizwa huwa na majina mawili. La pili ni mipaka. Mkoa wa Geita ulianza mwaka 2012, ukakatwa katika Mwanza, Shinyanga na Kagera. Habari za mtu wa Bukombe zitafute upande wa Shinyanga. Za mtu wa Chato upande wa Kagera.

Lakini kabla ya daftari zote, nenda kwa wazee. Usimwulize mzee mwaka, muulize tukio. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928. Mgodi ulianza 1936. Uhuru ni 1961. Mzee akisema, "Tulihamia huku mgodi ukiwa mpya, nami nilibebwa mgongoni," wajua kwamba alizaliwa karibu na 1935, tena hakuzaliwa hapa. Kutoka hapo wajua daftari ipi ya kufungua, na ya wilaya gani.

Zoezi: Likizo hii andika jina la babu yako kwa kila namna linavyoweza kuandikwa, kijiji alichotoka, na tukio moja la wakati wa kufika kwake. Usichelewe. Stakabadhi huliwa na mchwa, na wazee hawatungoji.